UZI: Stesheni ya reli ya Nairobi, fahari iliyowekwa mahali pasipotazamwa

Taruma (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo.

Mjadala wa majengo ya kale ya Nairobi ukianza, watu hutaja yaleyale: maktaba ya McMillan, Kipande House, msikiti wa Jamia, hoteli ya Norfolk. Stesheni ya reli hutajwa mwishoni, ikitajwa, na anayeitaja huongeza haraka kwamba si jengo la kuvutia. Wengine wanasema wazi kuwa likibomolewa hakuna atakayelia. Mimi nitalia, na ninataka kueleza kwa nini kwa kirefu, kwa hiyo anayependa maandishi mafupi anisamehe.

Hoja yangu ni kwamba stesheni yetu haisomeki kwa kuitazama usoni. Ukisimama mwisho wa Moi Avenue ukaikodolea macho kama unavyotazama kanisa au benki, utaona jengo refu la chini, halina kuba, halina nakshi za kumfanya mgeni atoe simu apige picha. Ukiondoka hapo umekosa karibu kila kitu. Usanifu wake uko kwenye ardhi iliyochaguliwa, kwenye barabara zilizochorwa kutoka mlangoni pake, kwenye jukwaa lililo nyuma ya ukuta, na kwenye jengo jingine kabisa lililo jirani. Nitaanza na ardhi kwa sababu ndiyo iliyotangulia.

Taruma

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Kazi ya mikono ilifanywa na vibarua na mafundi kiasi cha 32,000 waliosafirishwa kutoka India ya wakoloni, wengi wao Wapunjabi walioingia melini Karachi, pamoja na Waafrika wa pwani na wa bara. Kati ya hao wa India karibu 2,500 walifia kazini, kwa maradhi zaidi kuliko kwa simba, ingawa simba ndio waliopata umaarufu. Karibu 6,700 waliamua kubaki. Nyuma ya neno "reli" naomba tuwe tunawaona watu hao kila tunapolitamka.

Ncha ya reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, kiasi cha maili 327 kutoka pwani. Mji haukuwepo. Palikuwa na tambarare, mto wa maji baridi, kinamasi chenye mafunjo, na Wamasai waliokuja kunywesha ng'ombe. Mtu anayetafuta mahali pa watu kuishi asingechagua hapa. Udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na kila fundi wa msingi mjini humu anaujua usumbufu wake. Lakini Whitehouse na wenzake hawakuwa wakitafuta mji. Walitaka yadi ya treni.

Tazameni ramani ya miinuko. Treni ikitoka hapa kwenda magharibi inaanza kupanda mara moja: Kikuyu, Limuru, mpaka juu ya mita 2,000, halafu inaporomokea Bonde la Ufa. Kabla ya mlima kama huo lazima treni ipangwe upya. Mabehewa yatenganishwe, injini ipewe maji na kuni, nyingine iongezwe, zilizochoka ziingie karakana. Kazi hiyo yote inataka ardhi pana iliyo sawa kabisa, kwa sababu behewa ukiliacha kwenye mteremko hata mdogo litaondoka lenyewe na kuua mtu. Na inataka maji. Hapa ndipo palikuwa mahali pa mwisho penye vyote viwili.

Basi yadi ikawa hapa, na Julai mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahama kutoka Mombasa. Tauni iliingia sokoni mwaka 1902 na tena 1904. Walikuwepo wataalamu wa afya waliotaka mji uhamishiwe mahali pa juu penye ardhi kavu, wakashindwa, kwa kuwa reli ilikuwa imeshatia nanga. Mwaka 1905 serikali yenyewe ilihama Mombasa ikaja kukaa kando ya stesheni. Angalieni mfuatano huo: serikali ndiyo iliyofuata stesheni.

Taruma

Sasa barabara. Simama mlangoni pa stesheni, mgongo uupe jukwaa, uso uuelekeze mjini. Barabara inayoanzia miguuni pako ni Moi Avenue, zamani Government Road. Inayokata mbele yako ni Haile Selassie Avenue, zamani Whitehouse Road, ikibeba jina la yuleyule mhandisi. Mtu aliyeshuka treni mwaka 1910 hakuhitaji kuuliza njia, mji mzima ulikuwa umepangwa umpokee yeye pale mlangoni.

Kushoto kwako, upande wa magharibi, ardhi inapanda kwenda Upper Hill. Huko walikaa maafisa wa reli, juu ya upepo na mbali na kinamasi. Kulia kwako ardhi ni tambarare tena, na huko ndiko yalikojengwa makazi ya wafanyakazi, Landhies na Muthurwa, chumba kimoja kwa familia, bomba la maji la wote. Biashara ya Wahindi ikajibana katikati. Hakuna sheria ya ubaguzi iliyokuwa imeandikwa bado kwa ukamilifu, lakini reli ilikuwa imeshampa kila mtu mahali pake kwa cheo na kwa rangi. Ukichukua ramani ya leo ya kodi za nyumba Nairobi, mstari huo bado unaonekana. Anayekaa Upper Hill na anayeuza mitumba Muthurwa wametenganishwa na uamuzi wa watu wa reli wa mwaka 1899.

Ndani ya treni ilikuwa vivyo hivyo. Daraja la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika. Stesheni yoyote ya reli hii ukiikagua kwa makini utaona ilivyojengwa kwa fikra hiyo: milango, vyumba vya kungojea, vyoo, umbali wa kila mmoja kutoka jukwaani.

Mchora Ramani

Kaka Taruma, nashukuru kwa maelezo ya ardhi, sikuwahi kuyaona yamepangwa hivi. Ila kwenye usanifu bado hujanishawishi. Mimi nasomea kazi hii. Mumbai wana Victoria Terminus, leo inaitwa Chhatrapati Shivaji, kazi ya Frederick William Stevens, imekamilika miaka ya 1880 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2004. Maputo wana stesheni yenye kuba ambayo watu wanasafiri kwenda kuiona tu. Watawala ni walewale Waingereza kwa Mumbai, mafundi ni wa bara lilelile. Kwa nini sisi tulipewa jengo la kawaida?

Taruma

Dada, swali hilo ndilo nililokuwa nikilingojea.

Kumbuka Victoria Terminus haikujengwa kuwa stesheni peke yake. Ilikuwa stesheni na makao makuu ya kampuni ya reli chini ya paa moja. Lile kuba, zile ngazi, vile vinyago vya mawe, viko upande wa ofisi. Jukwaa la treni liko pembeni yake. Fahari ya ofisi ikamfunika na abiria wa kawaida, naye akipita anahisi ni yake.

Nairobi walitenganisha. Stesheni ikabaki stesheni, na mwishoni mwa miaka ya 1920 makao makuu ya reli yakajengewa jumba lake hapo jirani, likachorwa na Herbert Baker, yuleyule wa Union Buildings za Pretoria, aliyekuwa pia na mkono katika majengo ya serikali ya New Delhi. Baker ndiye aliyechora na Ikulu yetu. Yaani msanifu mkubwa kuliko wote waliowahi kuchorea wakoloni upande huu wa Afrika aliitwa, akalipwa, akapewa kazi ya reli, lakini kazi aliyopewa ilikuwa ya nyumba ya makarani na mameneja. Abiria hakuhusika.

Hapo ndipo nasema fahari iliwekwa mahali pasipotazamwa. Watu wa Nairobi wanapita mbele ya stesheni kwa maelfu kila jioni, na ni wachache mno wanaojua kwamba jumba lile la upande wa pili ndilo uso uliokusudiwa. Mkitaka kulinganisha na Mumbai kwa haki, yaunganisheni haya mawili kichwani, stesheni na makao makuu, pamoja na uwanja ulio kati yake. Hesabu inabadilika.

Jambo la pili ni pesa. Reli hii iligharimu walipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na bungeni kwao London ilipigwa vita tangu siku ya kwanza. Stesheni za mwanzo zilikuwa mbao na mabati, na Nairobi nayo ilianza hivyo. Hata mataruma, yale yanayolazwa chini kubeba reli, yalikuwa ya chuma kwa sehemu kubwa ya njia, kwa sababu ya mbao yangeliwa na mchwa. Watu waliokuwa wakihesabu mchwa hawakuwa na senti ya kuba.

Mama wa Makongeni

Wanangu, niruhusuni na mimi niseme kitu, maana huyu Taruma ameongea ya mawe na mimi nina ya watu.

Baba yangu alikuwa fayamani, baadaye dereva, kwenye zile injini kubwa za mvuke, Garratt za darasa la 59. Watu hufikiri fayamani kazi yake ni koleo na makaa. Zile zilichoma mafuta mazito. Kazi ilikuwa ya jicho na sikio: unafungua mafuta kidogo, unaongeza hewa, unatazama moshi. Moshi ukiwa mweusi unapoteza mafuta, ukikosekana kabisa mvuke utashuka mlimani na treni itasimama. Akirudi Makongeni tulijua amefika kabla hajabisha, kwa harufu ya mafuta kwenye nguo. Mama alizifua kando, haziguswi na nguo zetu.

Tulisafiri kwenda Mombasa kwa daraja la tatu kwa sababu ya pasi ya familia. Treni ilitoka jioni. Mkishapita Athi giza limeingia, mnasikia kule mabehewa ya mbele mhudumu anapita na kinanda kidogo cha mkono, anagonga noti chache, maana yake chakula cha wakubwa kiko tayari mezani. Sisi tulikuwa na viazi vitamu na chai ya chupa. Baba alituambia tusione wivu, kwani anayeendesha treni ni yeye.

Kwa hiyo kwangu jengo la stesheni ni jukwaa. Mbele ya jengo, upande wa barabara, hatukukaa hata dakika. Tulipita haraka kwenye lango, maisha yote yalikuwa ndani, chini ya lile paa refu.

Taruma

Mama, shikamoo, na asante sana. Umesema kwa maneno machache nilichokuwa nikikitafutia njia tangu mwanzo.

Jukwaa ndilo jengo. Urefu wake haukuamuliwa na msanifu, uliamuliwa na urefu wa treni ya Mombasa. Paa lake la mabati juu ya nguzo za chuma halikusudii kupendeza. Linakusudia kuwa mvua ya Aprili isimguse aliyebeba mtoto na mzigo kutoka mlangoni pa behewa hadi kwenye lango. Nendeni jioni ya siku ya kazi mkasimame hapo treni za abiria wa mjini zinapotoka kwenda Ruiru, Embakasi, Kikuyu na Syokimau. Utaona umati unavyojipanga bila kuambiwa, watu wanajua behewa gani litasimama wapi, wenye haraka wamekaa karibu na nguzo fulani kwa kuwa mlango utafunguka hapo. Mpangilio ule wa mwanzo wa karne iliyopita unafanya kazi na treni zilizonunuliwa Uhispania zikaanza kutumika mwaka 2020. Jengo linalobadilishiwa treni aina tatu, za mvuke, za dizeli na hizi za sasa, na halihitaji kubadilishwa lenyewe, mimi naliita jengo lililochorwa na watu wenye akili.

Kijana wa Rongai

Mzee Taruma, heshima kwako na kwa mama. Lakini tuseme ukweli. Mimi natumia steji ya Railways kila siku. Nikitazama pale naona ardhi yenye thamani kubwa kuliko zote Kenya, imelala, ina nyasi na mabehewa yenye kutu. Mji una watu mamilioni. Stesheni ya kisasa tunayo Syokimau, ile ya SGR, reli mpya ya Mombasa, kubwa, safi, ina kiyoyozi. Kuna haja gani ya kung'ang'ania ya zamani? Historia haitatupeleka nyumbani jioni.

Taruma

Ndugu yangu, nakujibu bila ugomvi kwa sababu swali lako ni la mtu anayepanga foleni ya matatu, na mimi naiheshimu foleni hiyo.

SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, miaka 118 na siku moja tangu ncha ya reli ya kwanza ifike hapa. Kipimo chake ni milimita 1,435 ilhali ya zamani ni mita moja kamili, kwa hiyo treni ya moja haiwezi kupita kwenye nyingine. Na kwa kuwa njia mpya haikuletwa katikati ya mji, stesheni yake ikakaa nje, Syokimau. Sasa abiria wa Mombasa akishuka pale usiku anafikaje mjini? Anapanda treni ndogo ya kuunganisha, kwenye reli ya zamani, inamleta stesheni ya zamani. Ile mpya yenye kiyoyozi inategemea ile unayosema tuiache. Ukiondoa stesheni ya mjini leo, kesho asubuhi SGR inakuwa stesheni ya mbugani.

Whitehouse alileta reli mahali pasipo na watu, watu wakaifuata. Mwaka 2017 watu walikuwa hapa tayari, na reli ikawakwepa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, na inanisikitisha zaidi ya kutu ya mabehewa.

Kuhusu nyasi na kutu nakubaliana nawe. Ardhi ile isilale. Ila kuna njia ya kuiamsha bila kuua kilichopo.

Mwana wa Mvita

Huku kwetu Mombasa tumeona kinachotokea. Treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma 2017 SGR ilipoingia. Stesheni ya zamani iko mjini kabisa, mtu alikuwa akishuka anatembea kwa miguu mpaka Mwembe Tayari. Ilipokosa treni ilikosa watu, na ilipokosa watu hata wauza kahawa na mahamri waliokuwa nje walihama. Wanaosema stesheni itahifadhiwa "kama kumbukumbu" hawajui kwamba jengo la safari likikosa safari huchoka upesi kuliko nyumba ya kawaida. Mtetee hiyo yenu ingali na pumzi.

Mchora Ramani

Na mradi wa Railway City? Chuoni tulionyeshwa michoro. Ekari 425, kuanzia Haile Selassie Avenue hadi Bunyala Road, na stesheni kuu mpya iliyochorwa na kampuni ya Atkins. Rais aliweka jiwe la msingi Desemba 2022. Unaionaje?

Taruma

Naiona vizuri kwa mambo mawili na naiogopa kwa jambo moja.

Vizuri, kwanza, kwa sababu inarudisha uzito wa mji kwenye reli. Kwa miaka mingi mipango yetu yote ilikuwa ya barabara juu ya barabara. Pili, yadi ile iligawanya mji. Kutoka mjini kwenda Industrial Area kwa miguu unazunguka mbali kwa sababu njia za reli zimeziba. Wakiweka vivuko na mitaa juu ya yadi, jeraha la mwaka 1899 litaanza kufungika.

Ninachoogopa ni neno "kuhifadhi" lisilofafanuliwa. Kuna kuhifadhi kwa aina ya kubakiza ukuta wa mbele, ndani ukaweka mkahawa na duka la simu, huku treni zikihamishiwa mbali. Kwa jengo jingine lolote ningekubali, lakini kwa hili, ambalo nimesema tangu mwanzo kuwa uso wake si kitu na jukwaa ndilo kila kitu, kubakiza uso ni kubakiza sehemu isiyo na thamani. Ningependa jukwaa la zamani libaki likipokea treni, hata kama ni za Kikuyu na Limuru peke yake. Lango lilelile litumike. Ofisi za Baker zifunguliwe ghorofa ya chini ili mwananchi aingie. Uwanja ulio kati ya majengo haya mawili usiwe maegesho, uwe uwanja. Yote hayo yanaingia ndani ya ekari 425 na nafasi inabaki.

Wewe unayesoma kazi hii, na wenzako, ndio mtakaoulizwa maoni vikao vya umma vikiitishwa. Nendeni. Msiseme jengo ni zuri, maana watawaonyesha picha ya ukuta na kuwashinda. Semeni linafanya kazi, na mbebe hesabu ya wanaoshuka pale jioni.

Karani wa Zamani

Nimesoma uzi wote. Kuna jambo halijatajwa, nami naona haifai tufunge bila kulitaja.

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulikuwa pale pale kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ng'ambo tu ya stesheni. Nilikuwa kazini jirani. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao: Ufundi House iliyoanguka, jengo la Ushirika, mabasi yaliyokuwa yakipita. Mimi sikuumia sana. Nilitembea kuelekea stesheni kwa sababu ndiko palikuwa na nafasi ya wazi na hakukuwa na vioo vinavyoanguka kutoka juu. Wengi walifanya hivyo. Jengo la chini na uwanja mbele yake, siku ile, vilikuwa na maana ambayo sijaisahau.

Leo pale pana bustani ya kumbukumbu, majina yameandikwa. Anayekuja kuitazama stesheni aingie na humo.

Taruma

Mzee, pole kwa siku ile, na asante kwa kutuambia. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Mama wa Makongeni

Pole sana ndugu yangu. Kaka yangu mdogo alikuwa kwenye basi pale. Alipona.

Kijana wa Rongai

Poleni wazee wangu. Mzee Taruma, hoja ya treni ya kuunganisha nimeikubali, sikuwahi kuifikiria hivyo. Swali la mwisho: nina watoto wa dada wanaotaka kuona treni za zamani. Makumbusho ya reli yako wapi hasa, na nianzie wapi nisiwachoshe?

Taruma

Yako jirani kabisa na stesheni, unapita upande wa magharibi wa jengo ukiwa umeelekea yadi. Ukikwama uliza mlinzi yeyote wa stesheni, wamezoea kuulizwa. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima, ndiyo maana humo utakuta vitu vya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, ikiwemo mitambo na vyombo vya meli za ziwani. Jumuiya ilivunjika 1977 kila nchi ikachukua reli yake, lakini mkusanyo huu haukugawanywa.

Kwa watoto anza nje. Tafuta behewa namba 12. Juni mwaka 1900 simba alikuwa akiwala wafanyakazi huko Kima, na afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akaja na wenzake wawili kumwinda. Wakaegesha behewa hilo kando ya njia, Ryall akashika zamu ya usiku, usingizi ukamchukua. Simba aliingia mlangoni, uzito wake ukaliinamisha behewa, mlango ukajifunga nyuma yake, akatoka na Ryall kupitia dirishani. Waache watoto walitazame lile dirisha na kukisia ukubwa wa simba wenyewe, wataongea habari hiyo mwezi mzima.

Halafu wapeleke kwa Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya zile za baba yake Mama wa Makongeni. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock ya Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja duniani iliyoizidi nguvu. Waonyeshe jinsi ilivyoundwa: tangi la mvuke liko katikati, limening'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele, moja nyuma, kila seti inajigeuza peke yake. Ndiyo siri ya kupinda kona kali ikiwa na uzito wote huo, na bila kuvunja reli. Wapande kwenye chumba cha dereva wakiruhusiwa, waone valvu ya mafuta ambayo fayamani alikuwa akiishika usiku kucha.

Vitu vya ndani, vyombo vya mezani, tiketi, ramani na picha, viache mwisho, na wakichoka warudi nawe kesho yake. Nenda asubuhi, na ukimaliza msitoke kwa barabara. Piteni stesheni, mnunue tiketi, mpande treni ya Kikuyu mkauone ule mlima ambao kwa sababu yake mji uliwekwa hapa.